Ukanushi Maradufu katika Lugha ya Siasa: Maana na Matumizi yake katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika hotuba za kisiasa za Kiswahili ni nadra kupita aya mbili bila ya kukutana na sentensi yenye vikanushi viwili. Msemaji hasemi kwamba watu wote wanalijua jambo fulani. Husema kwamba hakuna asiyelijua. Hasemi kwamba serikali inajali. Husema si kwamba serikali haijali. Hasemi kwamba ameamua kupandisha kodi; husema kwamba hana budi kuipandisha. Kwa mtazamo wa haraka, sentensi za aina hii ni njia ndefu za kusema jambo ambalo lingeweza kusemwa kwa ufupi, na walimu wa insha huzipiga mstari mwekundu kwa sababu hiyo hiyo. Makala hii inashikilia msimamo tofauti. Tunadai kwamba ukanushi maradufu haumrudishi msemaji pale ambapo angekuwa kama asingekanusha kabisa. Humwacha mahali pengine, na ni mahali hapo pengine ambapo lugha ya siasa hupendelea kusimama.

Kanuni iliyozoeleka shuleni husema kwamba vikanushi viwili huuana na kuzaa uyakinishi. Robert Lowth, mwanasarufi wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu wa London, aliipa kanuni hiyo nguvu katika sarufi yake ya karne ya 18, na tangu hapo imerudiwa kana kwamba ni hesabu. Otto Jespersen wa Denmark, katika utafiti wake wa mwaka 1917 juu ya ukanushi, alionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo: tokeo la vikanushi viwili mara nyingi huwa hafifu kuliko uyakinishi wa moja kwa moja. George Orwell naye, katika insha yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, aliyafanyia dhihaka maneno ya namna hiyo. Hata hivyo, Orwell alikuwa akipigania mtindo mzuri wa uandishi. Swali letu ni la maana: msemaji wa Kiswahili anapokanusha mara mbili, amesema nini, na kesho yake anaweza kushikwa kwa neno lipi?

Sentensi za mifano tunazozitoa hapa tumeziunda wenyewe kwa kufuata mtindo wa hotuba na taarifa za kila siku. Hazikunukuliwa kwa kiongozi yeyote.

2.0 Kikanushi na Mahali Pake

Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi ya kikanushi kimoja tu. Kikanushi hicho huwa ni *ha-* mwanzoni mwa kitenzi, au *si-* kwa nafsi ya kwanza umoja: hajui, sijui. Penye kirejeshi, dhamira tegemezi au masharti huwa ni *-si-*: asiyejua, asijue, asingejua. Katika kitenzi-jina huwa ni *-to-*: kutojua. Mzungumzaji hawezi kuvibana viwili ndani ya kitenzi kimoja na kupata maana mbili. Hatuna *hasijui* wala *hasiyejua*. Matokeo ya jambo hili ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kikanushi cha pili kikihitajika, ni lazima kitafute neno jingine la kukaa:

(1a) Hakuna asiyejua.
(1b) Si kwamba hatujui.
(1c) Hatuwezi kutojua.
(1d) Hatukosi kujua.

Katika (1d) ukanushi wa pili haumo katika kiambishi chochote. Umo ndani ya maana ya *kosa*, kitenzi ambacho kwa umbo ni yakinishi. Jamii ya vitenzi hivi ni kubwa: kataa, kana, shindwa, sita, acha, pungua. Mtafiti anayehesabu viambishi peke yake ataikosa nusu ya data yake.

Ukilinganisha (1b) na (1c) utaona kwamba vikanushi viwili vinaweza kuelekea pande mbili tofauti. Sentensi (1c) ina nguvu kuliko ‘tunajua’, kwani inasema kwamba kutojua kwetu hakuwezekani. Sentensi (1b) ni hafifu kuliko ‘tunajua’. Tofauti haitokani na vikanushi vyenyewe bali na kile kilichokaa katikati yake. Kama katikati kuna neno la kuwapo au la uwezekano, ukanushi maradufu hukaza: hakuna asiye- ni sawa na ‘wote’, na hatuwezi kuto- ni sawa na ‘lazima’. Kama katikati kuna *kwamba* tupu, kinachokanushwa ni usemi wa mtu mwingine na hakuna kinachothibitishwa waziwazi. Na kama neno linalokanushwa ni la kipimo, kwa mfano ‘haba’ au ‘baya’, ukanushi huacha uwazi katikati ya kipimo hicho. Kitu kisicho kibaya si lazima kiwe kizuri.

Mpaka huu wa tatu umo katika uhai wa kila siku wa Mswahili. Salamu yenyewe ya *hujambo* na jibu lake *sijambo* ni ukanushi: anayejibu hasemi kwamba yu mzima wa afya, husema tu kwamba hana jambo lililomfika. Mkulima akiulizwa juu ya mavuno naye hujibu ‘si haba’, kwa adabu na pengine kwa kuchelea kijicho. Kwa hiyo si kweli kwamba tabia hii ililetwa na tafsiri za Kiingereza. Mwanasiasa aliikuta imekwisha kaa barazani. Lakini mkulima asemapo ‘si haba’ magunia yake yanaonekana ghalani. Waziri asemapo ‘mafanikio yetu si haba’ unyenyekevu ni ule ule, ila ghala halionekani na idadi haijatajwa.

3.0 Viwili kwa Umbo, Kimoja kwa Maana

Kabla ya kuingia jukwaani inafaa kuondoa maumbo ambayo humdanganya mhesabuji. La kwanza ni *hatutokubali*, linalosikika sana Unguja na kwingineko pwani. Lina *ha-* na lina *-to-*, lakini ni kikanushi kimoja cha wakati ujao, sawa na *hatutakubali*. *-To-* hapa inashika nafasi ya *-ta-*. Mgeni aliyejifunza *kutokubali* kwanza anaweza kudhani amesikia ahadi ya kukubali, na kumbe amesikia kinyume chake.

La pili ni *wala*. Neno hili ni la kukanusha, na kitenzi kinacholifuata aghalabu hukanushwa pia: ‘hakuja wala hakuleta salamu’. Hakuna anayeelewa kwamba salamu ziliwasili. La tatu ni *kabla* pamoja na *-ja-*: ‘tutaimaliza barabara kabla uchaguzi haujafika’ haina maana kwamba uchaguzi hautafika. Katika maumbo haya ukanushi unarudiwa kama mwangwi, na Kiswahili kinakaribiana na lugha kama Kirusi, ambamo kukanusha mara mbili ni kukanusha mara moja kwa mkazo.

La nne ndilo lenye madhara, nalo lahusu vitenzi *kanusha*, *kana* na *kataa* vinapofuatwa na *kwamba*:

(2) Mbunge alikanusha kwamba hakupokea fedha.

Kwa hesabu, mbunge huyu amekiri kupokea. Kwa masikio ya wasomaji wengi amekana, kwa sababu *kwamba* inachukuliwa kuwa mlango wa maneno yake mwenyewe: alikanusha, akasema, ‘sikupokea’. Masomo yote mawili yana mantiki yake ndani ya lugha, wala si haki kumcheka mwandishi aliyeiandika sentensi hiyo. Lakini gazeti linasomwa na wapiga kura na, mambo yakiharibika, linasomwa mahakamani. Mhariri mwangalifu ataandika ‘alikanusha kupokea fedha’, na mlango wa utata utafungwa.

4.0 Ukanushi Maradufu Jukwaani

Tuanze na (1a), ambayo ndiyo maarufu zaidi. ‘Hakuna asiyejua kwamba nchi yetu imepiga hatua’ kimantiki ni sawa na ‘kila mtu anajua’. Kimatumizi zimetofautiana. ‘Kila mtu anajua’ ni dai juu ya watu waliopo, na dai laweza kupingwa kwa kumleta mmoja asiyejua. ‘Hakuna asiyejua’ humtaja asiyejua kwanza, kisha humfuta. Anayetaka kupinga ni lazima ajitokeze kuwa yule ambaye imekwisha tangazwa kwamba hayupo. Darasani mwanafunzi anaweza kunyoosha mkono na kusema ‘mimi sijui’. Katika mkutano wa hadhara hatujapata kumwona. Na *jua* ikibadilishwa kuwa *penda*, nguvu huongezeka: ‘hakuna asiyependa amani’. Wakati wa uchaguzi sentensi hii haihitaji kufuatiwa na lawama yoyote. Mwenye malalamiko atajikuta mwenyewe upande wa wasiopenda amani, upande ambao hauna watu.

Sentensi ya pili ni ya onyo: ‘Serikali haitasita kuwachukulia hatua wanaohusika.’ Ni maneno mazito, na mara nyingi hupigiwa makofi. Lakini tutazame kinachokanushwa. Kusita ni hali ya moyoni, iliyo kati ya nia na tendo. Aliyeahidi kwamba hatasita ameahidi hali ya moyo ambayo hakuna awezaye kuikagua. Hakuahidi tendo wala hakutaja siku. Ikipita miezi sita bila ya hatua kuchukuliwa, ahadi haijavunjwa, kwani hapajathibitika kwamba kuna aliyesita. Huenda ushahidi ulikuwa bado unakusanywa. Linganisha na ‘Serikali itawafikisha mahakamani kabla ya mwisho wa mwezi’. Sentensi hii ya pili haina ukali wa ile ya kwanza, na ndiyo yenye deni.

Sentensi ya tatu ni ya kujitetea: ‘Si kwamba serikali haijali shida za wakulima.’ Hapa sauti zimekuwa mbili. *Haijali* ni sauti ya mlalamikaji, ambayo msemaji ameilazimika kuibeba mdomoni mwake ili apate kuitupa. Wasikilizaji wanaisikia tena lawama yenyewe, safari hii kutoka kwa mlaumiwa. Kwa nini basi msemaji asiseme ‘serikali inajali’? Kwa maoni yetu, kwa sababu uyakinishi ungeleta swali la pili papo hapo: inajali vipi, kwa pembejeo zipi, kwa bei gani? Ukanushi maradufu hauhitaji kielelezo. Mwandishi wa habari akija kesho yake na kusema ‘ulituambia serikali inajali’, msemaji ana haki ya kujibu kwamba hakusema hivyo. Jaribio hili la kesho yake ndilo tunalolipendekeza kwa mwanafunzi wa lugha ya siasa: geuza sentensi iwe yakinishi, kisha uulize kama msemaji angekubali kuitia sahihi.

Tumeiacha ya mwisho *hatuna budi* kwa sababu ina mengi zaidi. Budi ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya njia ya kuepuka, na katika Kiswahili cha leo halitembei peke yake. Hakuna asemaye ‘ninayo budi’. Huonekana ndani ya ukanushi tu: sina budi, hapana budi, haina budi. Kwa hiyo tuna ukanushi uliokanushwa ambao umeganda hata wasemaji wengi hawauoni tena, wakauhesabu kuwa ni sawa na *lazima*. Lakini viwili hivi si sawa. Tazama:

(3a) Tumeamua kupandisha nauli.
(3b) Ni lazima kupandisha nauli.
(3c) Hatuna budi kupandisha nauli.

Katika (3a) yupo mtu aliyeamua, na anaweza kuulizwa kwa nini hakuamua vingine. Katika (3b) mtenda ametoweka, na kilichobaki ni sheria ya mambo. Katika (3c) mtenda amerudi, lakini amerudi akiwa mhitaji: sisi ni watu tusio na kitu, na kitu tusichokuwa nacho ni njia ya kuepuka. Msemaji anasimama upande mmoja na wasikilizaji wake, wote wamebanwa. Huruma hii ndiyo inayoifanya (3c) ipendwe zaidi kuliko (3b) inapotangazwa habari mbaya. Wakati mwingine ni kweli kwamba njia haipo. Wakati mwingine njia zilikuwa tatu na mbili zimefichwa nyuma ya neno moja la silabi mbili. Sarufi haiwezi kutuambia ni wakati upi, lakini inaweza kutufundisha kuuliza ni budi gani iliyotafutwa ikakosekana.

5.0 Silabi Moja

Mfano wa hivi karibuni wenye umaarufu mkubwa hautoki katika Kiswahili, lakini Kiswahili kinausaidia kueleweka. Tarehe 16 Julai 2018 mjini Helsinki, Rais Donald Trump wa Marekani, akiwa pamoja na Rais Vladimir Putin, aliulizwa juu ya Urusi kuingilia uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016. Alijibu, kwa tafsiri yetu, kwamba hakuona sababu kwa nini iwe Urusi. Kelele zilipozidi, kesho yake alieleza kwamba alikusudia kusema hakuona sababu kwa nini *isiwe* Urusi, na kwamba sentensi yake ilikuwa namna ya ukanushi maradufu.

Katika Kiingereza tofauti hiyo ni kikanushi kilichofupishwa na kubandikwa mwishoni mwa neno. Katika Kiswahili ni silabi *-si-*. Inafaa kuangalia mkazo. Katika *isiwe* mkazo wa Kiswahili, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, unaangukia kikanushi chenyewe, na mkalimani hawezi kukimeza kwa urahisi. Katika *asiyejua* mkazo umekwenda kwingine, na *-si-* hupita haraka. Wakalimani wa mikutano wanaifahamu hatari hii.

Lakini jambo muhimu zaidi liko katika sentensi iliyosahihishwa. ‘Sioni sababu kwa nini isiwe Urusi’ haisemi kwamba ilikuwa Urusi. Inasema tu kwamba msemaji hana pingamizi. Siku hiyo ya pili alitamka pia, kwa uyakinishi, kwamba anayakubali matokeo ya idara zake za upelelezi, kisha akaongeza kwamba huenda walikuwapo na wengine. Uyakinishi huo ndio uliokuwa kauli ya kisiasa. Kikanushi kilichorudishwa mahali pake kilirekebisha sarufi, na jaribio letu la kesho yake lingekikuta hakina deni.

6.0 Sheria na Kura

Itakuwa dhuluma kuuacha ukanushi maradufu ukiwa mshtakiwa tu. Katika lugha ya sheria ni chombo cha usahihi. Ibara ya 53A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inataka hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu iungwe mkono kwa saini za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote. *Wasiopungua* ni *-si-* juu ya kitenzi chenye ukanushi ndani yake, na hakuna uyakinishi mfupi unaoweza kushika nafasi yake: ‘asilimia 20’ tupu ingewakataza walio 21, na ‘zaidi ya asilimia 20’ ingeikataza 20 yenyewe. Mpaka umewekwa mahali pake bila ya uwazi. Saini hizo zilipokusanywa bungeni Aprili 2012 dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, kila mtu aliweza kuzihesabu.

Utata huja katika jina la hoja yenyewe. Mbunge anayesema ‘hapana’ kwa hoja ya *kutokuwa* na imani amekanusha ukanushi, na kwa hesabu ya Bunge Waziri Mkuu anabaki. Je, mbunge huyo ana imani? Huenda hana hata chembe, ila anaogopa kitakachofuata. Kwa sauti ya kura, viwili hivyo ni kimoja. Ujerumani ililitambua tatizo linalofanana na hili ilipoandika Sheria ya Msingi ya mwaka 1949: Ibara ya 67 inataka bunge linalomkataa Kansela limchague mrithi wake kwa kura hiyo hiyo. Ukanushi haukubaliwi mpaka ubebe uyakinishi mgongoni. Jaribio la kumwondoa Willy Brandt mwaka 1972 lilishindwa kwa utaratibu huo, na mwaka 1982 Helmut Kohl akachukua nafasi ya Helmut Schmidt kwa utaratibu huo huo.

Bungeni wapiga kura ni watu waliozoea kanuni. Kura ya maoni ya wananchi ni jambo gumu zaidi. Nchini Italia, Katiba inawaruhusu wananchi kupiga kura ya kuifuta sheria, na Mei 1974 waliulizwa kama wanataka sheria ya talaka ifutwe. Aliyetaka talaka iendelee kuwapo ilimpasa kusema ‘hapana’, na aliyeipinga ilimpasa kusema ‘ndiyo’. Takriban asilimia 59 walisema hapana, na talaka ikabaki. Kampeni nzima ililazimika kufundisha sarufi kabla ya kufundisha siasa.

Kenya ilipita njia nyingine. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 juu ya rasimu ya katiba, Ndiyo ilipewa alama ya ndizi na Hapana ikapewa alama ya chungwa. Mpinzani wa rasimu hakuhitaji tena kukanusha chochote, aliinua chungwa. Karibu asilimia 58 ya kura zilikwenda upande wake. Kura ilipokwisha, Hapana ingepaswa kumalizika pamoja na rasimu iliyokataliwa, kwani ukanushi hauna kazi pasipo cha kukanusha. Badala yake chungwa likabaki mikononi mwa watu, na katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 lilikuwa tayari ni jina na alama ya chama kilichokuwa kikiomba kura za ndiyo.